Gango, Hogo na Jicho la Mkaguzi: Historia ya Mkono Uliovunjika Pwani ya Kilwa na Lindi

Katika makumbusho ya elimu ya viumbe mjini Berlin yamehifadhiwa matita ya mianzi ambayo hayajafunguliwa tangu yalipofungwa katika nyika ya Lindi, kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Ndani yake mna mifupa ya dinosaria. Kati ya mwaka 1909 na 1913, msafara wa makumbusho hayo, ulioanza chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig, ulichimba kilima cha Tendaguru, yapata kilomita 60 kutoka mji wa Lindi, na mamia ya vibarua wakasimamiwa kazi hiyo na wanyapara wao, mashuhuri kati yao akiwa Boheti bin Amrani. Zaidi ya tani 200 za mifupa zilibebwa kwa miguu hadi bandarini. Mfupa uliolala ardhini miaka milioni 150 humeguka kwa kuguswa tu, hivyo kila kipande kilihitaji kuvishwa kabla ya kuinuliwa. Plasta ya jasi ilitumika, lakini pamoja nayo vilitumika vitu vya papo hapo: udongo, nyasi na mianzi, iliyopangwa kuuzunguka mfupa na kukazwa kwa kamba. Sina ushahidi kwamba waliofunga mizigo ile waliwahi kumfunga mtu aliyevunjika mkono. Lakini walichokifanya kina jina la kale katika Kiswahili, nalo ni gango.

Gango ni kitu chochote kinachoshikiza kilichovunjika kisiachane, kiwe cha mti, cha chuma, cha chombo cha baharini au cha mwili. Kitenzi chake ni kuganga, nacho ndicho kilichozaa neno mganga. Maana ya kutibu kwa jumla imelifunika neno hilo siku hizi, lakini maana ya kuunga na kufunga bado inachungulia chini yake. Tunapoambiwa kwamba yaliyopita si ndwele tugange yajayo, picha iliyo nyuma ya methali ni ya mtu anayeshughulika na kilichoharibika ili kifae tena. Serikali yenyewe imelirithi neno hilo bila kulionea haya: tuna Mganga Mkuu wa Serikali, Mganga Mkuu wa Mkoa, Mganga Mfawidhi wa kituo cha afya. Hata hivyo, linapokuja suala la kifundo cha mkono kilichovunjika, mazungumzo ya pwani hugawanyika kana kwamba kuna dini mbili. Upande mmoja wanasimama wanaoamini mabanzi ya mganga wa mifupa, upande wa pili wanaoamini plasta ngumu ya hospitali, ile ambayo watu wameibatiza hogo kwa sababu mkono uliovishwa unafanana na muhogo mnene mweupe. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba historia haiungi mkono upande wowote kati ya pande hizo mbili. Kilichoamua hatima ya mikono iliyovunjika katika pwani hii ni jicho linalokagua baada ya kufunga. Kitu kilichotumika kufungia kimekuwa na uzito mdogo kuliko tunavyodhani.

Tuanze Kilwa, kwa sababu huko ndiko swali la vifaa linakojibiwa vizuri zaidi. Ibn Battuta alipofika mwaka 1331 aliukuta mji uliokuwa ukistawi kwa biashara ya dhahabu ya Sofala, na magofu ya Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa yanaonyesha mafundi waliojua chokaa kuliko wengi wa zama zao. Chokaa hiyo ilitokana na matumbawe yaliyochomwa. Mtu anaweza kuuliza kwa nini watu waliojua kuganda kwa chokaa hawakuimimina kwenye mkono uliovunjika. Jibu liko katika tabia ya kitu chenyewe. Chokaa hukauka polepole kwa kuvuta hewa ya ukaa, kwa majuma na hata miezi, na ikiwa mbichi huunguza ngozi. Jasi ni jambo lingine: ikichomwa kwa joto la wastani, la nyuzi 150 hivi, hupoteza sehemu kubwa ya maji yake, na ukiirudishia maji hushikana upya kwa dakika chache tu. Huko Basra, bandari iliyopelekeana majahazi na pwani yetu kwa karne nyingi, jasi ilimiminwa kuzunguka mguu uliovunjika muda mrefu kabla ya Ulaya kuzoea jambo hilo. Mwingereza William Eton aliyashuhudia hayo na kuyaandika katika kitabu chake cha mwaka 1798. Na tabibu wa Andalusia, al-Zahrawi, aliyefariki mwaka 1013, alikuwa ameshatenga sehemu nzima ya kitabu chake cha upasuaji kwa ajili ya kuunga mifupa. Elimu hiyo ilikuwa ndani ya dunia ile ile ya Kiislamu na ya bahari ile ile ambamo Kilwa ilikuwamo. Hata hivyo mkono wa mtu wa Kilwa uliendelea kufungwa kwa mabanzi.

Hapo pana kejeli ambayo wachimbaji wa leo wanaifahamu vizuri. Jasi ipo Kilwa kwenyewe, katika maeneo ya Mandawa na Makangaga, na malori huisomba kwenda kwenye viwanda vya saruji. Kitu kilichoipatia plasta ya Paris jina lake, kwa sababu ya machimbo ya kilima cha Montmartre, kililala chini ya miguu ya watu waliofunga mivunjiko kwa mianzi. Lakini tusiharakishe kuwahurumia. Watu wa pwani walikuwa na ufundi mwingine uliokomaa: ufundi wa kukaza kwa kamba. Mitepe yao ilishonwa mbao kwa mbao kwa kamba za kumbi, bila misumari, na chombo kilichoshonwa hivyo kiliweza kugongana na mwamba kikanepa bila kupasuka. Fundi wa mtepe alijua kwamba kamba iliyolegea huachia maji na kamba iliyokaza mno hukata mbao, na kwamba chombo kikishalowa, kamba zinahitaji kuangaliwa upya. Jumuiya yenye ujuzi wa namna hiyo haikuwa na haja kubwa ya kitu kinachoganda chenyewe. Gango lake lilikuwa vipande vyembamba vya mianzi au vya upongoo wa mnazi, vikitandikiwa kitambaa au pamba na kukazwa kwa kamba ambayo ingeweza kufunguliwa wakati wowote.

Sasa tukiangalie kifundo chenyewe, kwa maana hakuna kiungo kinachowafundisha unyenyekevu waunga mifupa wa kila taifa kama hicho. Mtu anapoanguka, iwe kutoka kwenye mkorosho, kwenye mwamba wenye utelezi maji yakipwa, au siku hizi kwenye bodaboda, hutanguliza kiganja. Uzito wote hupanda kupitia kiganja na kuuvunja mfupa wa mkono ulio upande wa kidole gumba, karibu kabisa na kifundo, na kipande cha mbele husukumwa kuelekea mgongo wa mkono. Ukiutazama kutoka ubavuni, mkono huonekana kama uma uliolazwa. Kwa zaidi ya miaka elfu mbili matabibu wa Ugiriki na wale wa Ulaya waliowafuata waliamini kwamba huo si mvunjiko bali ni kuteguka. Mwaka 1814 Abraham Colles, daktari wa Dublin, aliandika kwamba ni mfupa uliovunjika, na akaeleza namna ya kuurudisha. Hakuwa na plasta ya jasi, wala hakuwa na picha ya eksirei, ambayo ingemngoja Wilhelm Röntgen hadi mwaka 1895. Alitumia vidole. Na aliongeza jambo ambalo wasomaji wengi hulipita haraka: kwamba hata mkono ambao haukurudishwa sawasawa ungebaki na kilema cha kuonekana maisha yote, lakini baada ya muda mrefu maumivu yangekoma na mwendo wake ungerudi. Tulishike neno hilo, kwa kuwa litatufaa tutakapozihukumu sifa za kila upande.

Tukiyalinganisha magango mawili kwa ufundi tu, bila kuuliza nani amevaa koti jeupe, tunakuta kwamba kila moja lina hekima yake. Kifundo hakishikwi na ugumu peke yake. Kinashikwa na sehemu tatu za mgandamizo: moja juu ya mvunjiko, moja chini yake, na ya tatu upande wa pili katikati, ili mfupa usirudi ulikosukumwa. Daktari mzuri huzifinyanga sehemu hizo kwa viganja vyake wakati plasta ingali laini. John Charnley wa Uingereza alilifafanua hilo mwaka 1950 katika kitabu kilichosomwa na vizazi vya wapasuaji. Mganga mzuri huzipata sehemu zile zile kwa kuongeza kitambaa chini ya banzi moja na kupunguza chini ya jingine. Plasta ina ubora wa kukaa umbo moja sawasawa na mkono, na mgonjwa hawezi kuilegeza kwa kuwashwa. Mabanzi yana ubora wa kufunguka: uvimbe ukizidi siku ya pili yanalegezwa, ukipungua siku ya sita yanakazwa. Hogo kamili lililofungwa saa ile ile ya kuanguka halina nafasi ya uvimbe, na uvimbe ukipungua baadaye hubaki limepwaya kama kiatu cha mtu mwingine. Ndiyo maana hospitali makini huanza na nusu hogo, yaani plasta ya upande mmoja iliyoshikizwa kwa bendeji, kisha hukamilisha baada ya siku kadhaa. Maandiko ya kale yanayopewa jina la Hippocrates yaliagiza jambo hilo hilo: bendeji kwanza, ibadilishwe kila baada ya siku chache, mabanzi yafuate uvimbe ukishatulia. Nusu hogo ni hekima ya banzi iliyorudi hospitalini kwa mlango wa nyuma.

Na bahari ina hukumu yake. Jasi ikilowa hulainika. Mvuvi wa Songosongo au mama anayekokota dagaa ufukweni Kivinje hawezi kukaa majuma 6 bila kugusa maji, na hogo lililomumunyuka halishiki kitu. Plasta za kisasa za nyuzi za kioo hustahimili maji zaidi, ila bei yake ni kubwa na kufinyangika kwake ni kudogo. Mianzi hailainiki, lakini kitambaa kilicho chini yake kikilowa maji ya chumvi huchubua ngozi. Hakuna kifaa kilichoumbwa kwa ajili ya kila mtu.

Plasta ya jasi tunayoifahamu ilianzia mwaka 1852, pale Antonius Mathijsen, daktari wa jeshi la Uholanzi, alipotangaza bendeji zilizopakwa unga wa jasi, tayari kuloweshwa na kuzungushwa. Mrusi Nikolai Pirogov aliieneza katika Vita vya Krimea. Kilichoifikisha kusini mwa Tanganyika ni hospitali za misheni na za serikali, nazo zilichelewa na kutawanyika. Wamisheni wa Kianglikana wa UMCA walifika Masasi mwaka 1876. Daktari mpasuaji Leader Stirling, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Afya wa Tanzania huru, alifika upande huo mwaka 1935 na kufanya upasuaji wake chini ya paa la nyasi, kabla ya kuhamia Mnero, Nachingwea. Wabenediktini walijenga Ndanda na Nyangao. Kilwa ilibaki mbali na vituo hivyo vyote, na barabara ya kwenda Dar es Salaam ilikatwa na mto Rufiji: hadi daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, msafiri alivuka kwa kivuko, na mvua za masika zilipozidi, safari ilikwama. Kwa mtu aliyevunjika kifundo Kilwa Masoko mwezi wa Aprili katika miaka hiyo, kumwendea mganga wa mifupa wa mtaani hakukuwa ushamba. Kulikuwa ni hesabu sahihi ya masafa. Mganga huyo alikuwa na sifa moja ambayo hospitali ya mbali haikuweza kuinunua: aliishi jirani. Angeweza kuutazama mkono kesho, keshokutwa na mtondo.

Msomaji aliyewahi kuzunguka wodi za mifupa atasema hapa kwamba ninapamba. Atakumbusha mikono ya watoto iliyoletwa ikiwa myeusi, vidole vimekufa, kwa sababu mabanzi yalikazwa kama mzigo wa kuni. Pingamizi hilo ni zito na halipunguzwi kwa heshima yoyote ya utamaduni. Misuli ikikosa damu kwa saa 6 hivi huanza kufa bila kurejea, na mkono unaoponea chupuchupu hubaki umejikunja kama ukucha wa mwewe. Lakini tutazame jina la kilema hicho kwenye vitabu vya tiba. Kinaitwa kwa jina la Richard von Volkmann, daktari wa Ujerumani aliyekieleza mwaka 1881, na watu aliowaeleza walikuwa wamefungwa bendeji za kukaza mno huko huko Ujerumani. Hogo nalo linaweza kuua mkono, na huwa jepesi kusahauliwa kwa sababu linaonekana safi. Tofauti kati ya mkono uliopona na uliooza, chini ya mwanzi au chini ya jasi, ni mtu aliyeuliza usiku ule: je, vidole vina ganzi? Je, vimebadilika rangi? Je, ukivinyoosha maumivu yanazidi? Na baada ya kuuliza, akalegeza. Waganga walioozesha mikono walikosa jibu la maswali hayo, au waliyachukulia maumivu kuwa dalili ya dawa kufanya kazi. Hilo ndilo kosa lao, nalo ni kubwa. Kuwapa plasta bila kuwapa maswali hayo kungebadilisha rangi ya kosa tu.

Pingamizi la pili linatoka upande wa pili, kwa wanaosema kwamba ushahidi wa banzi ni watu wenyewe, waliopona kwa maelfu na kurudi kupiga kasia na kubangua korosho. Hapa ndipo neno la Colles linapotufaa. Kama mkono ulioachwa umepinda nao hurudisha mwendo wake baada ya muda, basi kupona kwa wengi si ushahidi wa kutosha wa ustadi wa mganga, kama vile kusivyo ushahidi wa kutosha wa ustadi wa daktari. Mwili hujiunga wenyewe. Gango linaushikia mlango tu. Wenye kujua siri ya mabanzi watalazimika kuonyesha mikono iliyonyooka, na wenye hogo vilevile. Zaidi ya hayo, wale ambao mikono yao ilikufa hawakai barazani kusimulia.

Basi tutazame ushahidi wa karibuni, uliokusanywa kwa kuwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu na kuwafuatilia. Mwaka 2022 yalitolewa matokeo ya uchunguzi wa Uingereza kwa watu wazima 500, katika hospitali 36, ambao mifupa yao ya kifundo ilikuwa imesogea na ikarudishwa. Nusu walipewa plasta iliyofinyangwa, nusu walichomekwa nyaya za chuma kuushikilia mfupa. Baada ya mwaka mmoja, mikono ya makundi yote mawili ilifanya kazi kwa kiwango kimoja. Mwaka huo huo uchunguzi mwingine wa huko huko, wa watoto 965 waliokuwa na mvunjiko mdogo wa kubonyea pasipo kukatika, ulionyesha kwamba waliofungwa bendeji laini hawakuumia wala kuchelewa kupona kuliko waliofungwa kigango kigumu au plasta. Kwa hiyo, kwa baadhi ya mivunjiko ya watoto, ugumu wenyewe hauna faida ya ziada. Na kwa mivunjiko mingi ya watu wazima, kifaa cha gharama hakimshindi fundi mzuri wa plasta ya kawaida.

Atakayesema kwamba hayo ni ya Uingereza na hayatuhusu, amegusa kiini cha jambo bila kujua. Katika uchunguzi ule wa watu wazima, takribani mmoja kati ya kila watu 8 waliofungwa plasta alilazimika kufanyiwa upasuaji katika majuma 6 ya mwanzo kwa sababu mfupa ulikuwa umeteleza tena. Waligunduliwa kwa kuwa waliitwa warudi, wakapigwa picha na kutazamwa. Plasta ililingana na nyaya si kwa sababu haikukosea, bali kwa sababu kulikuwa na mtu wa kuliona kosa lake mapema. Mpeleke mgonjwa wa namna hiyo Kilwa, umfunge hogo safi kabisa, kisha umwambie arudi baada ya majuma 6 kwa kuwa nauli hana na picha ya eksirei iko mbali: huyo mmoja kati ya 8 atarudi mkono umeunga kombo. Hogo lisilokaguliwa ni banzi jeupe.

Kutokana na hayo yote, ugomvi wa gango na hogo unapaswa kuhamishiwa mahali pengine. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliwatambua waganga wa jadi na kuwawekea baraza la kuwasimamia, lakini kumtambua mtu kwa cheti hakumfundishi kuvikagua vidole. Mganga wa mifupa wa Kivinje au Mingoyo anayeweza kutofautisha mkono wa kufunga na mkono wa kupeleka hospitali, mathalani wenye jeraha lililofunguka hadi mfupani, au wenye vidole vilivyopoa, ana thamani kuliko shehena ya plasta. Na zahanati yenye nesi anayepiga simu siku ya pili kumuuliza mgonjwa vidole vinaendeleaje inafanya kazi ambayo bendeji ya nyuzi za kioo haiwezi kuifanya. Jasi ya Makangaga ingeweza, kwa kiwanda kinachofaa, kuwa bendeji za mikono yetu wenyewe, na lingekuwa jambo jema. Lakini hata ingekuwa hivyo, bado tungelazimika kumuuliza aliyeifunga: utaufungua mkono lini kuutazama?

Mifupa ya Tendaguru iliyobaki kwenye mianzi yake kule Berlin imengoja zaidi ya miaka 100, na watafiti wa leo huichungulia kwa mashine za picha bila hata kuifungua. Aliyeifunga alifanya kazi yake akamaliza, kwa kuwa mfupa wa jiwe hauvimbi, haupati ganzi, wala haukosi damu. Mganga wa kifundo cha mtu aliye hai hamalizi kazi kwa kukaza kamba. Hapo ndipo anapoianza.